Mlango wa Ningu

Kwa miaka yote niliyomfahamu Bwana Samaki, sikuwahi kumwona akila ningu. Mumi na kamongo hakuwagusa pia, lakini hilo tulilielewa, maana alikuwa mtu wa Sabato na samaki wasio na magamba kwao ni najisi. Ningu ana magamba. Tena ana mafuta, na huku kwetu Migori mtu akikuandalia ningu wa kuchemsha, mwenye mayai tumboni, amekuheshimu kuliko aliyekuchinjia jogoo. Bwana Samaki alikuwa akilisogeza bakuli pembeni kwa adabu zote na kuomba mboga. "Mimi na huyu hatuelewani," alisema, na hakuongeza neno. Watu walicheka mpaka wakachoka. Serikali, walisema, imetuletea mchungaji asiyekunywa maziwa.

Bwana Samaki lilikuwa jina la kazi, kama Bwana Shamba au Bwana Afya. Jina la kwao nilikuja kulisikia baadaye sana, na silitaji hapa kwa sababu hakuna aliyemwita nalo. Kazi yake, kwa maandishi, ilikuwa kulinda kila kiumbe chenye mapezi kuanzia mpaka wa Tanzania hadi huko juu mito inakotokea. Vifaa alivyopewa vya kuifanya kazi hiyo vilikuwa baiskeli nyeusi, buti za mpira zilizomzidi mguu, na muhuri. Fimbo ya mwanzi yenye alama za kupimia kina cha maji alijitengenezea mwenyewe, na nadhani ndiyo kifaa pekee kilichokuwa kizima.

Muhuri aliufunga kwenye hanchifu nyeupe akautia mfuko wa shati, upande wa moyo. Wino ulivuja. Mashati yake yote yalikuwa na doa la zambarau kifuani, hata lile la kwenda kanisani, na hanchifu yenyewe ilishasahau kama iliwahi kuwa nyeupe.

Alipenda maandishi kuliko mtu yeyote niliyewahi kukutana naye, jambo la ajabu kwa sababu ofisi yake haikuwa na karatasi. Aliandika barua nyuma ya fomu za zamani za leseni za mitumbwi. Ukipokea barua yake, upande mmoja unaambiwa umevunja sheria, upande wa pili unaulizwa mtumbwi wako una urefu gani. Ukimweleza jambo lolote njiani alinyanyua kidole, akasema, "Niandikie." Siku moja nilimwambia mvua inakuja, tukimbie. Akasema niandikie, kisha akacheka peke yake, nikajua kumbe anajijua.

Bahati mbaya, alipangiwa Migori wakati ule ule wilaya kubwa ya zamani ilipokatwa. Homa Bay walibaki na makabati ya faili, sisi tukabaki na mito. Kwa hiyo kila alipotaka kumkataza mtu jambo hapa, ilimbidi kwanza asafiri kule kuthibitisha kwamba jambo hilo linakatazwa. Alirudi baada ya siku mbili, vumbi mpaka kwenye nyusi, akamkuta mtu huyo ameshamaliza kulifanya. Sikuwahi kumsikia akilalamika. Alitoa fimbo, akapima kilichobaki, akaandika.

Tulikutana kwa sababu ya bwawa. Wazungu waliokuja kuchimba dhahabu zamani walijenga ukuta wa mawe kukatiza mto wetu mmoja unaoingia mto Kuja, wapate maji ya mashine zao. Dhahabu ilipowaishia waliondoka, ukuta ukabaki, na baadaye bomba likatolewa hapo kupeleka maji hospitalini na sokoni. Ilipofika miaka ya tisini ukuta ulikuwa na ufa katikati ambao mtu angeweza kupitisha bega. Kiangazi kikishika, maji yalitoka kwenye ufa yakateremka zake, na bomba la hospitali likabaki linatoa hewa. Mtoto wangu wa kwanza alizaliwa pale kwa maji niliyobeba mwenyewe kwa baiskeli. Basi kontrakta alipokuja kukarabati ukuta na kunifanya nyapara wa waashi, sikuichukua kama kibarua tu. Nilitaka ule ufa uzibwe, na nilitaka uzibwe kabla ya mvua za Machi.

Siku ya pili ya kazi nilimwona mtu anasukuma baiskeli kuteremka kwenye mawe, buti zikigonga kama debe.

"Mkubwa wa hapa ni nani?"

"Kontrakta ameenda Kisii."

"Na wewe?"

"Mimi ni nyapara tu."

"Basi leo mkubwa ni wewe," akasema, na kunikabidhi barua ya kurasa nne.

Niliisoma nimesimama juani. Maji ya kuoshea vyombo vya zege yasirudi mtoni, yachimbiwe shimo. Mashine ya kuchanganyia zege iwekewe beseni chini, isidondoshe mafuta. Kabla ya kukausha sehemu yoyote ya mto, samaki waliomo wahamishwe wakiwa hai. Mto usifungwe wakati ningu wanapanda. Na ukuta mpya uachiwe mlango wa samaki, upana wake kama mlango wa nyumba, wenye mawe makubwa chini ili maji yasiwe makali mno kwao.

"Hawataki na kitanda?" nikamuuliza.

"Niandikie," akasema. "Nitaulizia."

Hakutabasamu. Ndipo alipoingia kwenye mto na buti zake, akasimama mbele ya ufa niliouchukia, akauonyesha kwa fimbo. Kwa msomaji ambaye hakukulia huku, niseme hivi: ningu huishi ziwani, lakini mvua za kwanza zikishuka na mto ukawa mwekundu hupanda juu, maelfu yao, wakataga mayai kwenye majani yaliyofurika, kisha wakarudi. Ukuta wa wazungu ulikuwa mfupi na mafuriko yaliufunika, wakapita juu. Ulipopasuka walipitia ufa. Sisi tulikuwa tumekuja kuuinua ukuta na kuuziba ufa.

"Omera, ndugu yangu," akaniambia, "hii kitu wewe unaita ufa, wao wanaita barabara."

"Na hospitali nayo inaita nini?"

"Hospitali lazima ipate maji," akasema. "Hiyo sijakataa. Soma tena barua uone kama nimekataa." Niliisoma tena jioni nyumbani nikiwa na nia ya kumkamata, na kweli hakuwa amekataa. Hilo liliniudhi zaidi.

Kontrakta alifungia mkate wake wa saa nne kwa ile barua. Lakini mimi niliishi hapa na mke wangu aliimba kwaya kanisani kwa huyo mtu, kwa hiyo shimo nilichimba. Beseni nililiweka chini ya mashine pia, na waashi wakawa wanauliza kila asubuhi ng'ombe wetu ametoa maziwa kiasi gani.

Kuhamisha samaki ndiko kulikomfanya maarufu. Tulihitaji kukausha dimbwi lililokuwa chini ya ukuta, na dimbwi lilijaa samaki wa kila aina. Bwana Samaki alitangaza kwamba wanahitajika akina mama wenye mabeseni wa kuwavusha samaki upande wa juu. Asubuhi ya siku hiyo walikuja wengi kuliko wanaokwenda kliniki. Walivua kwa vikapu, wakajaza mabeseni, wakapanda njia ya kuelekea upande wa juu, na baada ya nusu saa nikagundua kwamba beseni moja kati ya matatu lilikuwa linaelekea upande wa juu wa soko.

Mtu mwingine angeita polisi. Bwana Samaki alifungua hanchifu yake, akakaa juu ya jiwe pale wanapomwagia, na kila mama aliyemwaga samaki hai majini alipigwa muhuri mkononi, juu kidogo ya kiganja. Mwenye muhuri aliruhusiwa kwenda nyumbani na mumi mmoja mkubwa. Mumi alikuwa najisi, tena mla mayai ya ningu, kwa hiyo kwa hesabu ya Bwana Samaki serikali haikupoteza kitu, ilisafisha tu mto. Foleni ilinyooka dakika hiyo hiyo. Mke wangu alirudi na mihuri minne, na kwa wiki nzima ungeweza kuwajua sokoni wanawake waliotumikia sheria kwa mikono yao ya zambarau.

"Umewalipa wenzako wa Sabato kwa najisi," nilimwambia.

"Wa Sabato niliwapa ngege, wana magamba," akajibu. "Angalia vizuri, mama wa nyumbani kwako alibeba nini." Nilikuwa nimeshakula, na kweli walikuwa ngege.

Nilisema alikuwa mtu wa Sabato. Hilo si jambo dogo katika habari hii. Ijumaa jua likikaribia kuzama, angeiacha barua katikati ya neno. Nilishaona moja iliyokoma kwenye "mnaagizwa kuto," na ikaendelea Jumatatu. Aliwahi kuwaacha wavuvi wenye nyavu haramu aliowakamata mwenyewe, wamesimama naye ufukweni, kwa sababu jua lilizama kabla hajamaliza kuandika majina. Aliwaambia wamngoje Jumapili. Waliniapia kwamba mmoja wao alimngoja, kwa kumwonea huruma. Jumamosi yake ilijulikana na kila mwenye jambo la kufanya mtoni. Watu wenye nyavu haramu wakawa watu wa Jumamosi.

Kontrakta naye alijifunza kalenda hiyo upesi. Mwishoni mwa Februari ukuta ulikuwa umefika juu pande zote mbili. Katikati palibaki pengo tulipobomoa sehemu yenye ufa, na mto wote ulikuwa ukipita hapo. Bwana Samaki alikuwa ameandika barua saba kuhusu lile pengo: lisifungwe mpaka mlango uchorwe na injinia. Hakuna aliyejibu hata moja. Siku ya Ijumaa kontrakta alinivuta kando ya gari lake.

"Kesho asubuhi na mapema tunafunga," akasema. "Zege ikimwagwa imemwagwa. Jumapili akija atapima ukuta."

Sitasema kwamba moyo uliniuma. Nilifunga mbao za kumwagia zege jioni hiyo na kuziba nusu ya maji kwa magunia ya mchanga, nikaona kazi nzuri. Nyumbani nilimwambia mke wangu aniamshe mapema kwa sababu tunamwaga zege kwenye pengo. Akasema sawa. Akatoka kidogo kwenda kwa jirani kuazima chumvi, na akakawia. Sijawahi kumuuliza kuhusu chumvi hiyo mpaka leo, na yeye hajawahi kunieleza.

Saa mbili asubuhi mashine ilikuwa inazunguka, toroli la kwanza limejaa, nikasikia wimbo. Nilitazama juu nikawaona wanateremka njia ya mabeseni, mavazi meupe, watoto mbele, wazee wenye miavuli nyuma. Bwana Samaki aliwaongoza. Alivaa suti nyeusi, na chini ya suti, buti za mpira. Walifika kwenye pengo, akapanda juu ya mbao zangu kwa uangalifu kama anayepanda mtumbwi, akaketi katikati kabisa, miguu ikining'inia pale zege ilipotakiwa kwenda. Akina mama wakaketi kushoto na kulia kwake. Mke wangu aliketi wa tatu kutoka mwisho na hakuniangalia.

Kontrakta alifika mbio. "Bwana Samaki! Leo si ni siku yako ya kutofanya kazi?"

"Kabisa."

"Sasa hii ni nini?"

"Unaona nafanya kazi? Nimeketi."

"Toka hapo, tunataka kumwaga."

"Tunasoma somo letu kando ya maji," akasema Bwana Samaki kwa upole. "Leo sina mamlaka ya kukukataza kitu chochote. Kama unataka kumwaga, mwaga. Sisi tutaendelea kuketi."

Akafungua Biblia. Nusu ya waashi wangu mama zao walikuwa wameketi pale. Mmoja alivua kofia, kisha mwingine, na punde nikawa nyapara wa mafundi wanaoimba sauti ya pili. Kontrakta alizunguka, akapiga mlango wa gari teke, akaniamuru mimi nimwage. Nilishika toroli. Naapa nilishika toroli. Lakini kumwaga zege kwenye mapaja ya mke wako kunahitaji mtu wa aina nyingine. Nililirudisha chini. Somo la siku hiyo lilikuwa refu kuliko masomo yote niliyowahi kusikia, na zege ikagandia ndani ya mashine. Tulikuja kuitoa kwa nyundo na patasi kwa siku tatu, na beseni letu chini yake halikupata tone.

Saa sita mawingu yalikuwa yamejaa milimani, wiki mbili kabla ya wakati. Saa tisa mto ulianza kubadilika rangi. Watu wa kanisa walisimama wakapanda ukingoni, na maji yakayasukuma magunia yangu ya mchanga kama makapi. Kisha nikawaona. Mwanzoni nilidhani ni mawe yanayobingirishwa, ila yalikuwa yanakwenda juu. Migongo myeusi, mamia, ikajaza lile pengo, ikasimama dhidi ya maji, ikasukuma, ikapita. Nimezaliwa kilomita tano kutoka hapo, nimekula ningu tangu niote meno, na sikuwahi kusimama nikawatazama wakipita bila kushika kikapu. Niliona aibu. Sijui neno jingine.

Bwana Samaki alikuja akasimama karibu nami, suti imelowa, na akanieleza jambo ambalo sikumuuliza. Alisema kwamba katika kituo chake cha kwanza, akiwa kijana, aliletewa karatasi ya kukarabati ukuta kama huu kwenye mto mwingine unaoingia ziwani. Hakwenda kuuona. Alikuwa ameshika muhuri kwa mara ya kwanza na alitaka kuusikia ukigonga. Akaugonga, na ukuta ukafungwa. Mvua zilipokuja ningu walifika, wakajigonga ukutani siku tatu, na watu wakawazoa kwa magunia. Hakuna aliyekumbuka shibe ya namna hiyo.

"Walinishukuru," akasema. "Walisema Bwana Samaki huyu ana mkono wa baraka. Waliniletea bakuli la ningu, wamejaa mayai. Nilikula, omera. Nilikula nikaongeza."

Mwaka uliofuata hakuna ningu aliyepanda mto ule. Wala uliofuata huo.

Jumatatu injinia alikuja, akatazama, akachora mlango kwa dakika ishirini. Alikuwa mtu mzuri, ila tu hakuwa amesoma zile barua. Na kwa sababu hospitali lazima ipate maji, akatia mitaro miwili myembamba pande za mlango ya kuchomeka mbao: kiangazi mbao ziwekwe, maji yapande mpaka kwenye bomba, mvua zikianza mbao zitolewe, ningu wapite. Nilijenga kwa mikono yangu na sitaona haya kusema ulitoka vizuri. Kontrakta aliandika jina lake kwa herufi kubwa kwenye plasta mbichi upande wa barabara. Baadaye nilisikia amepewa daraja la kujenga mahali pengine, kwa kuwa anajua mambo ya samaki.

Idhini iliandikwa Homa Bay, ikapigwa muhuri, na ilieleza kila kitu: idadi ya mbao, unene, miezi. Kuhusu nani atazitoa, ilisema, "mtu atakayeteuliwa." Bwana Samaki aliandika barua kuuliza mtu huyo ni nani. Aliandika tena. Kisha akahamishwa, na baada ya uhamisho akastaafu, na mtu atakayeteuliwa akaendelea kutoteuliwa. Mvua ya kwanza iliyofuata nilipita pale nikaona mbao zimo. Nikazitoa. Mwaka uliofuata nikazitoa. Kamati ya maji, iliyozichomeka kila kiangazi, ilidhani nimetumwa na hospitali, hospitali ikadhani nimetumwa na kamati, na mimi sikuwasahihisha, maana hapa kwetu mtu anayefanya jambo bila kutumwa huulizwa ana nia gani.

Miaka ikapita. Muongo ulikuwa unaelekea ukingoni nilipopata kazi Sindo, kando ya ziwa, kujenga sakafu ya zege ya kuanikia omena, wale dagaa wetu. Siku moja, Ijumaa asubuhi, niligeuka nikamwona mzee anapima kina cha zege yangu mbichi kwa fimbo ya mwanzi.

"Jaduong', mzee wangu!" nikamwita, na tukashikana mikono muda mrefu. Alikuwa amepungua mwili, mguu mmoja umevimba. Alifuga kuku, akaniambia, na kuku hawahitaji leseni. Muhuri waliuchukua siku ya kustaafu, lakini hanchifu ilibaki mfukoni, na doa bado lipo.

Tulikunywa chai. Aliuliza habari za mke wangu, kisha akatazama nje, upande wa milima ya Gwassi. Mawingu yalikuwa yamekaa tangu jana.

"Mlango umefunguliwa?"

"Umefunguliwa," nikasema.

Alikunywa chai kidogo. "Na nani?"

Mimi ndiye niliyekuwa nikiufungua, na mimi nilikuwa Sindo, wiki ya tatu sasa, nikihesabu mifuko ya saruji.

"Tunaenda," akasema, na akaanza kutafuta buti zake.

Tulipata pikapu ya wafanyabiashara wa omena, tukakaa juu ya magunia. Jua lilizama tukiwa bado barabarani. Aliinamisha kichwa, akaikaribisha Sabato yake katikati ya harufu ile, na usiku tukafika kwangu. Asubuhi mke wangu alimpa uji. Alivaa koti lake jeusi, tukateremka.

Tulisikia kelele kabla ya kuona. Mbao zilikuwamo zote. Chini ya ukuta maji yalikuwa yanachemka kwa ningu, na nusu ya kata ilikuwa imo ndani hadi kiunoni, vikapu, magunia, vyandarua, watu wanacheka, wanaitana waje waone. Waliomkumbuka wakampigia kelele za furaha.

"Bwana Samaki! Ero kamano, asante! Umekuja na baraka!"

Mama mmoja akamtia mikononi ningu mkubwa, hai, tumbo limejaa. Nilimtazama usoni. Sijawahi kuona mtu akizeeka kwa haraka namna ile. Alimshika yule samaki kwa mikono miwili, akapanda ukutani kwa ule mguu wake mbovu, akamwachia upande wa juu. Kisha akavua koti, akanipa.

"Jaduong', leo ni Jumamosi," nikamwambia. "Mimi nitazitoa. Wewe keti."

"Nilishaketi," akasema. "Leo nafanya kazi."

Akashuka mlangoni, akashika ubao wa juu, akavuta. Haukutoka. Nikaliacha koti lake ukutani, nikaingia nikashika upande wa pili, tukavuta pamoja, wa kwanza, wa pili, mpaka wa mwisho, na maji yakatupiga miguuni tukashikana tusianguke. Watu walitupigia kelele, na hazikuwa za furaha. Yule mama aliniita mwizi. Ningu walianza kupita katikati ya miguu yetu, wakitugonga kwenye mifupa, na yule mzee akawa anawahesabu kwa sauti kama mtoto, akakosea, akaanza upya.

Alipochoka tulikaa juu ya ukuta, tumelowa. Akaingiza mkono kwenye mfuko wa shati, akatoa hanchifu, akaitazama, akajifuta uso.

"Sasa huyu mtu atakayeteuliwa," akasema.

"Ni mimi."

Akanyanyua kidole. "Niandikie."

Jumatatu nilirudi na konzi mbili za saruji. Nikapiga plasta kipande cha ukubwa wa kiganja, ndani ya mlango, upande wa chini wa mitaro ya mbao, juu ya maji ya siku hiyo, na ikiwa bado mbichi nikachukua msumari nikaandika jina langu. Mvua zikishika maji hulifunika. Kiangazi linasomeka, na mtu akisimama hapo kuchomeka mbao, linamtazama usoni.